Picha Safi za Mkono wa Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja na nusu asubuhi, nimevaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili, na mkuu wa idara ya eksirei akaniambia nilivue.

"Hilo waachie madaktari," alisema. "Huku utashika dawa za kuoshea filamu. Jioni mama yako hatalitambua."

Nikalivua. Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi miezi miwili tu kabla, na hospitali yenyewe ilikuwa hapa Thika, mwendo mfupi wa miguu kutoka Majengo nilikozaliwa. Baba yangu aliuza nguo za mitumba sokoni, na tayari alikuwa ameutangazia msikiti mzima kwamba Rajabu wake sasa ni daktari. Sikuwa daktari, na sijawahi kuwa. Nilikuwa mpiga eksirei. Lakini kwa miaka thelathini na saba wagonjwa waliniita daktari, nami sikuchoka kuitika.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoianza kazi hii leo, mnaoona picha kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajarudisha kiatu mguuni. Sisi tulipiga kwenye filamu. Filamu ilikaa ndani ya kaseti, yaani kisanduku bapa kisichopitisha mwanga, na kaseti ndiyo iliyowekwa chini ya kiungo kinachopigwa. Ukishapiga, unaibeba hadi chumba cha giza, unaifungua chini ya taa nyekundu, unachovya filamu kwenye tangi la dawa ya kukuzia, kisha maji, kisha dawa ya kuizuia picha isifutike, kisha maji tena, halafu unaianika ikauke. Ikiwa mgonjwa alitikisika, hayo utayajua baadaye, na mgonjwa ameshakaa kwenye benchi akidhani amemaliza.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mwembamba, mkimya, aliyejifunza kazi chini ya wakoloni wa mwisho mwisho. Alinipa kanuni mbili asubuhi ile ile. Ya kwanza: sisi tunapiga picha, hatusomi picha. Hata ukiona mfupa umekatika vipande viwili, mgonjwa akikuuliza unamwambia daktari atamweleza. Ya pili: fuata fomu. Daktari ndiye anayeandika kiungo gani kipigwe na kwa pande zipi, na wewe unapiga hivyo, si zaidi.

"Fomu ikisema goti, usiniletee paja," alisema. "Daktari anajua anachotafuta."

Kanuni ya pili ilikuwa na mlinzi wake. Pembeni mwa chumba cha giza palikuwa na boksi la filamu zilizoharibika, na kila Ijumaa mchana mkuu alilifungua, akaziinua moja moja kwenye mwanga, na kila mmoja wetu akajieleza. Hii ulitikisa wewe? Hii nani aliiomba? Filamu zilikuwa adimu, na picha ambayo hakuna aliyeiomba ilikuwa aibu kubwa kuliko picha iliyoharibika. Mimi nilijivunia kwamba boksi lile halikuwa na filamu yangu hata moja kwa miezi mingi mfululizo. Ndivyo nilivyokuwa, mtu wa kujipenda kidogo.

Kiungo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kifundo cha mkono. Pale kati ya mkono na kiganja pana mifupa minane midogo, imepangwa safu mbili, na kila mmoja una umbo lake. Picha yake ikitoka vizuri unaweza kuihesabu yote. Siri ni kumlegeza mgonjwa. Anaketi kando ya meza, kiganja kinatazama chini juu ya kaseti, vidole vimelegea, bega limeshuka. Unapiga ya juu, halafu unausimamisha mkono kwa ubavu unapiga ya pili. Mkono uliolegea hautikisiki. Nilikuwa na namna yangu ya kusema "tulia, legeza" hata watoto wakatulia, na wauguzi walinitania kwamba ningefaa zaidi kutoa chanjo.

Baada ya miaka mingi Thika nilihamishiwa Ruiru, hospitali ndogo kuliko ile, chumba kimoja cha eksirei na mashine iliyonguruma kila ilipowashwa. Mkubwa wangu huko alikuwa metroni, mama wa makamo aliyetembea kwa haraka na kuongea kwa haraka zaidi. Siku niliyofika alinionyesha mlango, akanipa ufunguo, akasema, "Rajabu, hapa hakuna daktari wa kusoma picha. Zinasomwa Thika, ripoti inarudi kwa wiki. Wewe piga tu, na usinigombanishe na watu." Nikamwambia hatutagombana, na hatukugombana.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Nafula.

Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, mtu wa Bungoma, anaishi Kalimoni na kufanya kazi kwenye shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Kazi yake ilikuwa kupogoa. Kahawa ikishavunwa, matawi yaliyochoka hukatwa ili mti uzae tena, na mpogoaji mzuri hushika mkasi kutoka asubuhi hadi saa nane, akikata maelfu ya matawi. Fomu yake ilitoka kwa afisa tabibu, yule anayewaona wagonjwa wa kila siku. Ilisema: kifundo cha mkono wa kulia, pande mbili, maumivu ya muda mrefu, hakuna ajali.

Hilo la ajali nililijua miaka baadaye. Kumbe alikuwa ameanguka. Msimu mmoja wa mvua aliteleza akiwa amebeba debe la kahawa kwenda mizanini, akajizuia kwa kiganja, mkono ukavimba wiki mbili, akaukanda kwa maji ya chumvi ukapoa. Afisa tabibu alimuuliza kama amepata ajali, na kwa watu wetu ajali ni ya barabarani. Akasema hapana.

Nikamketisha, nikamwekea mkono kwenye kaseti.

"Daktari," akasema, "mkono hivi haina shida. Inauma nikishika. Nikikamata mkasi, hapa katikati inashtuka, na mkasi inaanguka."

"Sawa, mama. Legeza vidole."

"Nimelegeza. Lakini nikilegeza haiumi."

"Vizuri sana. Tulia hapo hapo."

Nikapiga. Ilikuwa picha nzuri mno. Niliiinua kwenye mwanga nikaihesabu mifupa yote minane, mipaka yake imekatwa kama kwa wembe, nikafurahi. Ripoti ilirudi baada ya wiki: kawaida, hakuna kasoro. Akapewa dawa za maumivu akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi minane na fomu ile ile. Akaniambia tena kwamba inauma akishika. Nikamwambia tena atulie. Picha ikatoka safi tena.

Mara hii hakuondoka upesi. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba changu, na kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa mwingine, nikatoka na kikombe cha chai tukaongea. Aliniambia nyapara wa shamba amemtoa kwenye kupogoa na kumweka kwenye kuokota zilizoanguka, kazi ya vibarua wa kupita, na anawaambia wenzake kwamba yule mama wa Kalimoni amegundua ugonjwa ambao hauonekani na mtu. Hilo aliweza kulivumilia. Lililomkata maini lilikuwa la nyumbani. Mumewe alichonga mawe machimboni upande wa Juja, na mkono ulipoanza kumsumbua alimhurumia. Ripoti ya kwanza ilipokuja akaisoma, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha.

"Alisemaje?" nikamuuliza.

"Alisema, 'Mimi nashika nyundo siku mzima. Wewe mkasi ndogo tu inakushinda.' Sasa hii ripoti ya pili sijui atasema nini." Akaugeuza mkono akautazama. "Mimi sitaki dawa, daktari. Dawa niko nayo. Nataka kitu ya kumwonyesha baba watoto."

Nilimwambia Mungu atamjalia. Nilikuwa na chai mkononi na nilimaanisha nilichosema, lakini sikufikiria zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata nilirudishwa Thika, na mara hii kama mkuu wa idara. Yule mzee mwembamba alikuwa amestaafu zamani, na wawili waliomfuata nao walikuwa wameondoka, lakini boksi la Ijumaa lilikuwepo bado, na sasa mimi ndiye niliyelifungua. Nilikuwa mkali kuliko yeye. Vijana walinipa jina la utani ambalo sikupaswa kulijua. Ninalijua.

Mama Nafula alinifuata huko, si kwa ajili yangu, bali kwa sababu alikuwa amepewa barua ya kumwona daktari bingwa wa mifupa aliyekuja mara moja kwa wiki. Foleni ya bingwa ilianza kabla ya jua. Alifika na picha zake za Ruiru ndani ya bahasha kubwa ya kaki, ameifunga kwa karatasi ya nailoni isilowe, na mumewe yuko naye. Bingwa aliagiza picha mpya. Nikazipiga mwenyewe, kwa heshima ya kufahamiana. Aliniambia tena lile lile, na mimi nikamjibu lile lile. Alipotoka kwa bingwa nilimsikia yule daktari akicheka kwa wema na kusema, "Mama, mifupa yako ni mizuri kuliko yangu."

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sijawahi kumwambia mkubwa wangu yeyote. Mama Nafula alikuwa akihangaika kuvaa sweta kwa mkono mmoja pale kwenye korido, mumewe akanisogelea. Alikuwa mtu mrefu, nguo safi, vumbi la mawe limeganda kwenye mikunjo ya vidole vyake na halitoki. Alikuwa na adabu.

"Daktari, nisamehe. Niambie kama mwanaume kwa mwanaume. Huu mfupa uko na shida?"

Kanuni ya kwanza nilikuwa nimeishika tangu siku ile nilipovuliwa koti. Nimewahi kunyamaza mbele ya mama aliyekuwa akilia akitaka kujua kama mguu wa mwanawe utakatwa. Lakini picha ile ilikuwa nzuri sana, na niliipiga mimi.

"Picha ni safi, mzee," nikamwambia. "Safi kabisa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Mama Nafula alikuwa ameshavaa sweta na alikuwa ametusikia. Alinitazama kidogo tu, kisha akaanza kutembea kuelekea langoni, na mumewe akamfuata ameibeba bahasha.

Baada ya hapo habari zake nilizipata vipande vipande. Bingwa wa mifupa alimtuma kwa bingwa wa mishipa ya fahamu huko Nairobi, aliyempima kwa sindano na umeme akasema mishipa ni mizima. Huyo akamtuma kwa bingwa wa ugonjwa wa viungo, aliyempima damu akasema damu haina tatizo. Mara mbili aliandikiwa picha ya mashine ya sumaku, ile inayoonyesha nyama na kano, si mifupa peke yake. Mara ya kwanza mashine ilikuwa imeharibika. Mara ya pili tarehe iliangukia katikati ya mavuno, na hakuna nyapara anayeruhusu mtu katikati ya mavuno. Daktari mmoja alimshauri aonane na mshauri wa akili, kwa kuwa mawazo mengi huleta maumivu. Alipopita Thika kwa picha ya nne, hilo ndilo aliloniambia la kwanza, bila salamu.

"Sasa wanasema ni kichwa," akasema. "Kichwa ndiyo inaangusha mkasi?"

Nilimketisha, nikaulegeza mkono, nikapiga. Safi. Kisha akapotea miaka kadhaa, na nikiri kwamba sikumkumbuka sana. Mkuu wa idara humkumbuka mgonjwa anayemletea matatizo ya kazi, na Mama Nafula kwangu hakuwa na tatizo lolote. Picha zake zote zilifaa kufundishia. Mbili nilizionyesha wanafunzi wa chuo waliokuja kwa mazoezi: hivi ndivyo kifundo kinavyopigwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo mashine ya kompyuta ilipowekwa Thika. Sikuipenda wiki za kwanza. Chumba cha giza kiligeuzwa stoo ya mifagio, na boksi la Ijumaa nililipeleka nyumbani kwa sababu hakuna aliyelitaka. Kisha nikaanza kuuona uzuri wake. Picha ilitokea kwenye kioo kabla sijatoka nyuma ya ukuta, na ikiwa mbaya unaifuta unapiga nyingine, na hakuna filamu iliyopotea wala mtu wa kukuuliza.

Asubuhi moja jina lake likaitwa. Alikuwa amekonda na amevaa nyeusi, lakini kazi yangu haikuwa kuuliza mavazi. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kwa kipande cha kandambili kilichokatwa vizuri na kushikizwa kwa mpira wa baiskeli. Fomu ilisema kifundo cha mkono, pande mbili. Ilikuwa inatoka kwa bingwa mpya wa mifupa, daktari wa kike, kijana, aliyekuwa na mwezi mmoja tu hospitalini.

Nikapiga ya juu, nikapiga ya ubavu. Zote safi. Nikamwambia amemaliza. Hakuinuka.

"Daktari, nimekuja kwako sijui mara ngapi. Leo nipige ikiwa inauma. Moja tu. Halafu sitakusumbua tena."

Nilifungua mdomo nimwambie fomu haisemi hivyo. Nakumbuka kabisa sentensi ikiwa tayari mdomoni. Halafu nikawaza, ni filamu gani ninayoilinda?

"Haya," nikasema. "Kunja ngumi. Kaza kama umeshika mkasi."

Alikunja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso mara moja, na akauma mdomo wa chini. Alitetemeka kidogo na sikumwambia atulie. Nikapiga.

Picha ilipokuja niliketi. Katika safu ya kwanza ya mifupa, miwili iliyokuwa imeshikamana kwenye kila picha niliyowahi kumpiga ilikuwa imeachana. Kati yake palikuwa na mwanya, kama ule wa meno ya mbele, mweusi, wazi, ambao hata baba yangu muuza mitumba angeuona. Mkono ulipolegea mifupa ilirudi mahali pake. Ulipokaza iliachana. Na papo hapo nikaukumbuka ukurasa wa kitabu cha chuo, na mchoro wenyewe: kifundo, ngumi imekunjwa, kwa mgonjwa anayeumia akishika kitu. Nilifundishwa. Nilifanya mtihani juu yake. Halafu katika miaka yote ile hakuna fomu iliyoiomba, na mimi nikaiacha isahaulike.

Niliona haya, haya ya kweli, ya kuwaka masikioni.

Sikusubiri utaratibu. Niliichukua mwenyewe hadi chumba cha bingwa, nikaifungua kwenye kompyuta yake. Aliitazama, akaikuza, akaitazama tena.

"Mimi sikuomba hii picha. Nani aliomba?"

"Mgonjwa."

Alinigeukia. "Na kabla ya leo, ni mara ngapi amepigwa?"

"Mara nne. Zote nilipiga mimi, mkono umelegea."

Sikumwambia kwamba mgonjwa aliiomba mara zote nne. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu na nilikuwa naogopa bado, si jambo la kujisifu nalo.

Mama Nafula aliitwa, nami nikabaki. Bingwa alimweleza kwa upole kwamba mifupa ile hushikwa pamoja na kano fupi ngumu, na kwamba yake ilikatika zamani, huenda siku ya kuanguka. Hapo ndipo lile debe la kahawa lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Akamwambia kwamba ingejulikana katika miezi ya mwanzo kano ingeshonwa na mkono ukarudi karibu kama ulivyokuwa. Sasa mifupa imeanza kulika. Kinachowezekana ni kuiunganisha kwa skrubu. Maumivu yatapungua sana, lakini mkono hautakunjika tena kama zamani, na mkasi ausahau.

Alisikiliza yote bila kulia. Mwishowe akauliza kama anaweza kupewa picha aende nayo. Bingwa akasema siku hizi picha zinatolewa kwenye diski, yaani sidii. Mama Nafula akasema kwake hakuna mashine ya hiyo. Nikamwambia bingwa nitaichapisha kwenye filamu, printa tunayo.

Nikamkabidhi filamu kwenye korido, katika bahasha mpya. Nilitaka kumwambia jambo na nikalisema vibaya.

"Mama Nafula, siku ile ya kwanza Ruiru uliniambia inauma ukishika."

"Eh."

"Na mimi nikakwambia utulie. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Aliweka bahasha kwapani. "Ulikuwa unafanya kazi yako, daktari," akasema. Kisha, akiwa ameshaanza kutembea, "Lakini nilikuambia mara nne." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka hesabu iwe sawa.

Nilistaafu miezi mitano baadaye. Mganga mkuu alisoma hotuba, wenzangu walininunulia saa ya ukutani, na mmoja wa vijana akasimama akasema kwamba katika miaka yangu yote sijawahi kupiga picha mbaya. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama sahani yangu ya pilau.

Sasa ninaishi Ruiru, nyuma ya Kamakis, mahali ambapo moshi wa nyama choma unaingia dirishani kila Jumamosi. Majirani huniletea sidii za picha zao nizisome, na ninawaambia kanuni ya kwanza, na wao hukasirika. Sina uchungu na wazee walionifundisha. Kanuni zao zilikuwa na sababu zake: mpiga picha anayejifanya daktari ameshawahi kuua watu. Ninachowaambia nyinyi vijana ni kitu kidogo tu. Fomu inaandikwa na mtu aliyemwona mgonjwa kwa dakika tano. Mkono wenyewe amekaa nao mgonjwa. Akikuambia unauma ukiwa namna gani, andika chini kabla hujamwambia alegeze, kisha mpigie daktari simu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kalimoni kumwona mpwa wangu aliyejenga huko, na karibu na geti lake palikuwa na kibanda cha mboga. Mama mwenye kibanda alikuwa anakata sukuma wiki, kwa mkono wa kulia, polepole, kifundo kimenyooka hakikunjiki, kovu jembamba limepita juu yake.

"Daktari," akasema kabla sijamtambua.

"Mimi si daktari, Mama Nafula. Na hata kazi nimestaafu."

"Najua. Keti hapo kwa kreti."

Niliketi. Nikamuuliza mkono. Akasema siku za baridi unasumbua kidogo, siku nyingine anausahau. Tukaongea juu ya bei ya sukuma na mvua iliyochelewa. Nilikuwa na swali nililolibeba kwa muda mrefu, na sikujua kama nina haki ya kuliuliza, lakini nikauliza.

"Baba Nafula alisemaje alipoiona ile picha?"

Aliendelea kukata. "Baba Nafula hakuona. Alikuwa amekufa miezi mbili kabla ya hiyo picha. Kifua, hiyo vumbi ya mawe."

Nikampa pole. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyemwambia mzee picha ni safi.

"Najua, nilikuwa hapo." Akafagia vipande vya sukuma kwa kisu akavitia kwenye karatasi. "Lakini hakuwa mtu mbaya. Kutoka siku hiyo alikuwa ananichotea maji kila asubuhi, mitungi mbili, na hasemi kitu. Sijui kama alikuwa ameniamini, ama alikuwa amechoka tu."

"Sasa ile filamu ulimwonyesha nani?"

"Hakuna mtu. Nilienda nyumbani nikaiweka kwa dirisha, nikaiangalia mwenyewe mpaka giza ikaingia." Alifunga karatasi, akanipa sukuma ambayo sikuwa nimeiagiza. "Kwa sababu hata mimi walikuwa wamenishinda, daktari. Pasaka ya hiyo mwaka nilikuwa nimesimama kanisani, mbele ya watu wote, nikaomba Mungu anisamehe dhambi ya kudanganya ati mkono inaniuma."